Tari Lililolala Nje

Asubuhi ile nilitoka bila kujua ninakokwenda. Begani nilikuwa na gunia, na ndani ya gunia tari lililopasuka, kanzu moja na mswaki. Hivyo ndivyo nilivyozoea kutoka tangu nilipoiacha shule darasa la sita: mguu kwanza, sababu baadaye. Nimepaka rangi mashua Ras Kitau. Nimeshindilia pamba kwenye nyufa za majahazi Matondoni. Nilikwenda Kiunga kwa siku mbili nikakaa mwaka. Kila mahali niliuliza maswali mpaka watu wakachoka nami, kisha nikahama. Safari hii ilitofautiana na nyingine kwa jambo moja tu: nilitakiwa nirudi Alhamisi kabla ya Alasiri.

Tari lilikuwa la kiongozi wetu wa kasida, mchonga milango, aliyelirithi kwa babu yake. Kila Alhamisi baada ya Alasiri sisi wanaume wa mtaa wetu hukaa safu mbili zinazotazamana, tukasoma kasida na kupiga matari. Kazi yangu ilikuwa kuyapasha moto kabla hatujaanza. Ngozi ya tari hunywa unyevu wa bahari ikalegea, sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Basi unawasha makumbi ya nazi, unalielekeza tari kwenye joto, unaligonga kwa kidole, unasikiliza, unalitoa. Nilikuwa hodari. Hata wasionipenda walilikubali hilo.

Alhamisi iliyotangulia safari hii nililisikia lile la babu likipanda. Lilikuwa limekwisha kufika mahali pake pa kila wiki, nikapaswa kulitoa. Sikulitoa. Nilitaka kujua mwisho wake uko wapi. Nikalisogeza kidogo, nikaligonga, likapanda. Nikalisogeza tena. Sauti ile sijapata kuisikia katika tari jingine lolote, kavu na safi, kama sahani ya kale ya kichina ikigongwa kwa ukucha. Kisha ukaja mlio mwingine, kama kofi, na ngozi ikafunguka kama mdomo.

Mchonga milango alilichukua, akapitisha vidole kwenye mpasuko, akanitazama.

"Sasa umejua," akasema.

Akaenda kukaa mahali pake, akapiga makofi badala ya tari mpaka mwisho wa kisomo. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Yafaa niseme kwa nini jambo la ngozi ya mbuzi lilinikosesha raha hivyo. Miaka miwili nyuma nilikuwa mtu wa ukutani. Nyuma ya ghala la barafu upo ukuta mfupi unaotazama maji, na hapo ndipo wanapokaa wavuta unga. Niliingia humo kama nilivyoingia kila kitu, kwa kutaka kujua kuna nini. Watu walikuja kututoa. Wengine walikuja na vitabu, wengine na askari. Mchonga milango alikuja na shida yake mwenyewe. Alisema ana matari tisa na mikono ya watu watano, hivyo yatafaa nini? Mtu aliyeambiwa miaka mingi kwamba hafai, akiombwa msaada hushtuka. Nikaenda kuona. Sikuacha unga kwa siku moja. Niliuacha Alhamisi, kisha nikauacha Jumatano ili Alhamisi mikono isitetemeke, na wiki ikajaa hivyo, siku kwa siku, kinyumenyume.

Baada ya tari kupasuka niliona haya kupita mlangoni kwake. Jumapili nikajikuta njia ya ghala la barafu. Nilisimama mbali. Mmoja wao akaniona.

"Karibu nyumbani, mpotevu," akasema, akasogea kunipisha.

Nafasi aliyoiacha ndiyo iliyonitia hofu. Ilikuwa sawasawa na upana wangu.

Kwa hiyo Jumatatu, baada ya Alfajiri, nilikwenda karakanani.

"Bwana, naomba nilichukue lile tari."

"Utalipeleka wapi?"

"Sijui."

Alipuliza vumbi kwenye ua la mninga alilokuwa akilichonga. "Basi lipeleke huko sijui. Ila Alhamisi tuna safu, na nafasi yako iko. Sitaki kumketisha mtu mwingine pale, nikaanza kumfundisha upya."

Kwenye gati la Amu boti ya kwenda Faza ilikuwa na nafasi moja, kati ya godoro na trei za mayai. Nikaingia. Ndivyo mipango yangu yote ilivyokuwa.

Tulipoiacha Manda ubavuni nilikumbuka kwamba nako niliwahi kubeba mawe, kwenye machimbo. Wachimbaji wengi ni watu wa bara, na Jumapili husali katika kanisa la mabati. Nilizoea kusimama nje, dirishani, kusikiliza ngoma yao. Siku moja mama aliyetuuzia chai aliniambia, "Ama uingie, ama utoke dirishani, unatuzibia hewa." Nilicheka, sikuingia, lakini baada ya ibada nilimwuliza mpiga ngoma anaikazaje. Akaniambia anaianika juani, na kwamba kila wiki humwomba Mungu isipasuke kabla ya sadaka. Nilishangaa kwamba watu wawili wanaoelekea pande mbili katika sala wanaweza kuwa na dua moja kuhusu ngozi. Sijapata mtu wa kunieleza maana yake. Huenda haina maana, ila ngozi ni ngozi.

Kando yangu alikaa bi mmoja wa makamo aliyekuwa akirejea kwao Faza. Gunia langu lilimkera.

"Mna nini humo? Sinia?"

"Tari, Bi."

"Mbona limenyamaza?"

"Limepasuka."

Alifungua mdomo wa gunia kwa vidole viwili, akachungulia, akafunga. "Innalillahi. Mwanamume mzima wabeba maiti ya tari baharini. Sisi wanawake harusini twapiga pembe za nyati kwa vijiti. Pembe haipasuki hata ikipigwa na mawifi."

Mwenzake upande wa pili akacheka. Nikamwuliza kama anamjua mtu yeyote wa kuwamba ngozi.

"Siyu, walikowahi kuwako wote. Sasa kabaki mmoja, mshona viatu. Viatu vya harusi yangu kavishona yeye, navyo viko mpaka leo. Mume ndiye aliyechakaa." Akangoja kicheko cha mwenzake kipite. "Lakini yule hapendi mambo ya matari. Babake ndiye aliyekuwa akiyawamba. Yeye aliacha, na ukimtajia hukunja uso kama kakanyaga mwiba."

"Kwa nini aliacha?"

"Kamwulize. Una sura ya mtu wa kuuliza."

Nikashuka Mtangawanda, njiani, nikapanda bodaboda ya Siyu. Mwendeshaji alikuwa ameifunga simu kwenye usukani, ikiimba kasida ya kinanda isiyo na tari hata moja. Nilimwuliza kama anaijua ya matari. Akasema anayo, lakini ile ya kinanda husikika vizuri zaidi barabara ikiwa mbaya. Nililifikiria hilo njia nzima, na barabara ilikuwa mbaya kweli.

Mshona viatu nilimkuta barazani kwake mchana, baada ya Adhuhuri, kipande cha ngozi nyekundu kati ya magoti na sindano mkononi. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, ndevu zimetunzwa, kofia nyeupe. Nikamsalimu.

"Wa alaykumu salamu. Karibu. Kiatu?"

"Si kiatu." Nikalitoa tari.

Sindano ilisimama. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Bi mmoja chomboni kaniambia babako alikuwa akiwamba."

"Babangu ni marehemu. Na mimi hilo silishiki."

"Kwa nini?"

"Umekuja kubishana?"

"La. Sijui, ndiyo nauliza."

"Kila anayeniuliza hilo huwa na jibu lake mfukoni. Wewe huna?"

"Sina. Kwetu wako wanaosema ni ibada na wako wanaosema ni uzushi, na pande zote mbili nimekula kwao. Mimi niliishia darasa la sita."

Alicheka kwa pua, kisha akajirudi. "Keti. Usidhani silijui. Nimepiga mimi, safu ya upande wa kibla, wa pili kutoka mwisho. Mwaka mmoja kwenye maulidi watu walijaa mpaka uchochoroni. Alfajiri yake msikitini tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa mwadhini. Nikajiuliza, jana tulikuwa tunamsifu nani? Nikaacha. Sikumkataza mtu. Niliacha mimi."

Hilo lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimetarajia kitabu, aya, sauti ya juu. Sikutarajia hesabu ya vichwa vya watu. Nami nilijua anachosema, kwa sababu nimewaona wanaokuja kwa halua na tari wakatoweka sala inapoanza.

"Kwetu imekuwa kinyume," nikasema. "Alfajiri tuko saba katika sisi wa safu. Wanne kati ya saba hao walitoka ukutani." Nikamweleza ukuta ni nini, na ghala la barafu, na mchonga milango alivyokuja kuomba mikono.

"Na wewe?"

"Mmoja wa hao wanne."

"Na aliyelipasua?"

"Ni mimi."

"Kwa makusudi?"

"Nilitaka kujua mwisho wake. Alhamisi wakikaa bila hili, hawatanifukuza. Mimi ndiye sitaweza kukaa pale. Na nisipokaa pale, najua nitakaa wapi."

Alishona mishono mitatu, akaukata uzi kwa meno. Kutoka nyuma ya pazia la mlango ikaja sauti ya mkewe.

"Mpe mtu maji kwanza. Katoka safari, wewe wamweka kizimbani."

"Umekula?" mshona viatu akaniuliza, kana kwamba swali lilikuwa lake tangu mwanzo.

Tulikula wali na samaki wa kupaka. Alasiri tukaenda msikitini pamoja, bega kwa bega. Watu walinitazama kama mgeni anavyotazamwa, wakaniuliza natoka mtaa gani wa Amu na kama namjua fulani, ambaye sikumjua. Hakuna aliyeuliza habari za gunia. Yeye hakuwaambia.

Tuliporudi alinifungulia sabule, kile chumba cha wageni wanaume kilicho mlangoni, kabla ya kuingia nyumbani kwenyewe. Kulikuwa na kitanda cha kamba, mto wa sufi, na kidirisha kinachotazama baraza. Kilinukia ngozi na udi.

"Utalala humu," akasema. "Hilo litalala nje."

"Umande utalilegeza."

"Limepasuka. Lilegee nini tena?"

Nikaliweka juu ya baraza, chini ya kidirisha, mpasuko ukitazama ukutani ili usimkere. Kisha nikakaa kitandani nikifikiri. Nimepewa malazi na watu wengi katika kuhangaika kwangu, karibu wote watu waliokubaliana nami au waliojifanya. Huyu hakukubali. Alinitandikia shuka safi na tari langu likabaki nje, na sikuona chuki katika lolote kati ya hayo mawili. Nilitaka kumwuliza anayawekaje pamoja, lakini nilihofia asije akayatenganisha.

Jua lilipoanza kushuka nilisikia maji. Nikachungulia. Alikuwa amechutama barazani na beseni, anatumbukiza ngozi ya mbuzi, anaibonyeza kwa viganja mpaka mapovu yakatoka.

"Hii ni ya viatu," akasema bila kunitazama, kabla sijafungua kinywa.

"Sawa."

"Ngozi ikishalowa, mtu yeyote aweza kuivuta juu ya mbao ya duara. Kesho baada ya Alfajiri nitakuonyesha inavyovutwa na inavyopigiliwa. Nitakuonyesha tu. Mkono utakuwa wako. Na utaiacha ikauke kivulini siku mbili, usiipeleke motoni kujua mwisho wake."

"Sitaipeleka."

"Hm," akasema, kama mtu asiyeamini nusu ya neno.

Alinawa mikono, akaipangusia kwenye kikoi, akageuka kuingia ndani. Alipofika mlangoni akasimama. Alilitazama tari, akaitazama njia kama kuna mtu anayepita. Hakukuwa na mtu.

"Hebu niambie," akasema polepole. "Lilifika wapi?"

"Nini?"

"Sauti. Kabla ya kupasuka. Lilifika wapi?"

Sikujua namna ya kulieleza hilo kwa maneno. Nikalitafuta kooni, mara ya kwanza nikalikosa, nikashuka, nikapanda tena mpaka nikalipata, nikalishika kwa pumzi moja, sauti ndogo, pale kidirishani. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kidole chake kimoja kiligusa fremu ya mlango mara mbili, kisha kikatulia.

"Huko?"

"Huko."

Alirudi kwenye beseni. Akaitoa ile ngozi, akaikamua, akaipima unene wake kati ya kidole gumba na cha shahada, akatikisa kichwa.

"Hii ni nzito," akasema. "Hii haifiki huko." Akaingia ndani kutafuta nyembamba zaidi.