Neno la Mwenye Unga

Zamani, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda pale Likasi, mji wa shaba, mtoto alifundishwa kwenye sahani. Bukari, ule ugali wa mahindi, ilipowekwa barzani, watu walinawa mikono, baba akamega tonge la kwanza, kisha akauliza: "Leo umekosana na nani?" Kila mtoto alijibu, na wakubwa wote waliokaa pale walimrekebisha. Aliyeficha alijulikana, maana tonge lilimkwama.

Théodore, mchomeleaji vyuma kiwandani, alikuwa bingwa wa mazungumzo hayo. Alijua methali, tena alijua kunyamaza mpaka mtoto ajihukumu mwenyewe. Lakini alikuwa na kiburi. Kampuni ilimpa posho ya unga kila mwezi, na gunia lile aliliweka mahali ambapo kila mgeni angeliona. Shemeji yake Barnabé, kaka wa mkewe Gertrude, hakuwa na kazi, akawa anakuja kula nao. Jioni moja Barnabé alimwonya Clovis, kitinda mimba, kwa kumcheka kiwete wa jirani. Théodore akamkata kauli.

"Shemeji, weye unaleta unga gani hapa? Kula, nyamaza."

Watoto wakacheka. Barnabé akanawa mikono kabla hajashiba, wala hakurudi tena.

"Umemufukuza kaka yangu mbele ya watoto," Gertrude alisema.

Théodore akadai ulikuwa mzaha tu.

Kisha nyakati zikageuka. Kiwanda kikafifia, mishahara ikakatika, posho ikakoma. Gertrude akawa anafuata mahindi upande wa Mulungwishi, anayasagisha na kuuza unga kwa vikopo sokoni. Uliobaki ndio waliokula. Théodore alikula macho chini, swali lake halisikiki tena. Alijiambia kwamba mwanamume asiye na posho hana neno la kusikilizwa. Gertrude alirudi amechoka mno, naye hakuuliza. Watoto walikula upesi wakatoka zao njiani.

Clovis alikuwa ameanza kuvunja sauti siku Mzee Assani, dereva wa zamani mwenye asili ya Kasongo, alipobisha mlangoni. Alikataa kiti.

"Papa Clovis, siko na hasira," alisema. "Nimemukuta mutoto yako anamutupia mawe yule mama mwenye wazimu. Nimemukataza. Ameniuliza: 'Muzee, weye unaleta unga gani kwetu?' Vijana wote wamecheka. Maneno ile ameitoa wapi?"

Masikio ya Théodore yaliwaka moto. Akamwita Clovis.

"Nani alikufundisha kusema vile?"

Mtoto alimtazama bila ujeuri, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Ni weye, papa. Ulimwambia mujomba Barnabé. Tulicheka wote."

Gertrude alikuwa akisonga bukari. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Miaka yote ile Théodore alikuwa ameomboleza neno lake kana kwamba liliondoka pamoja na gunia. Kumbe neno alilipoteza wakati gunia lingali limejaa. Methali zote zilikuwa zimeanguka njiani. Mtoto alikuwa ameshika tusi moja, akalishika barabara. Théodore akasimama kumwomba mzee radhi.

"Nimesikia," Assani akajibu. "Lakini iko mwengine wa kuomba radhi mbele yangu."

Théodore akamchukua Clovis, wakaenda kwa Barnabé, ambaye sasa alishona viatu kando ya soko. Barnabé alisikiliza huku akigonga kisigino.

"Shemeji," alisema mwishowe, "leo bukari ni ya dada yangu, ndiyo unakumbuka njia ya kwangu?"

Théodore akamvuta Clovis karibu. "Nilikutukana mbele ya huyu mutoto. Nimekuja kukuomba radhi mbele yake."

Barnabé alitazama kiatu, akamtazama Clovis, akaweka nyundo chini.

Jioni ile alikaa tena barzani. Gertrude alimmwagia maji ya kunawa yeye wa kwanza. Théodore hakumega tonge la kwanza. Aliisukuma sahani mbele ya shemeji yake.

"Uliza weye," alisema.

Barnabé akamega tonge, akalizungusha mkononi. "Leo umekosana na nani?"

Watoto walimgeukia Clovis. Lakini macho ya mjomba yalikuwa juu ya baba yao, nayo hayakuondoka: mbele yao wote bado hakuwa amekiri kosa lake. Théodore alikuwa ndiyo kwanza ametia tonge kinywani, na tonge lile lilikataa kushuka.