Kelele Kabla ya Gitaa

Kipkorir na Joab Ouko walijuana kwa ngumi, na ngumi ya kwanza ilikuwa ya Kipkorir.

Ilikuwa Jumapili mchana, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la chai, upande ule wa Kericho unaoteremka kuelekea ziwani. Kipkorir alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye boila ya kiwanda, macho mekundu kwa moshi wa kuni za mkaratusi, na binti yake Chemutai ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi baada ya homa. Mara spika za ukumbi wa kambi zikafunguka. Haikuwa kwaya, wala haikuwa mpira. Zilikuwa kelele za watu, maelfu kwa maelfu, wakipiga miluzi na kunguruma kama mto uliovunja kingo. Mtoto akaamka akilia. Kipkorir akatoka bila viatu, akaingia ukumbini, akamkuta Ouko, fundi wa mitambo, amesimama mbele ya ampulifaya, amefumba macho kama anayeomba. Akamtia ngumi ya mdomo.

Ouko alikuwa mtu wa miraba minne. Alitema damu, akamrukia, akamng'ata sikio asiliachie. Waligaragazana kati ya mabenchi hadi saruji ikawa nyekundu, mpaka injinia wa kiwanda, Mskoti mmoja mrefu, akawamwagia ndoo ya maji baridi kama watu wanavyotenganisha mbwa. Kaseti ilikuwa yake. Bendi ile iliitwa Glenmarrow, vijana wa kwao wanaopiga roki, na kelele zile zilikuwa za mashabiki waliofurika onyesho lao mjini Glasgow. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya umati huo. Alipoona Kipkorir bado anafura, akatoa kaseti nyingine, ile ya studio, akaweka wimbo uleule. Humo hamkuwa na watu. Gitaa liliingia peke yake, polepole, kama mtu anayefungua mlango asitake kuwaamsha waliolala. Kipkorir, damu ikimchuruzika shingoni, akakaa kwenye benchi. Hakuinuka mpaka upande wa kwanza ulipoisha.

Ni vizuri ijulikane alikuwa mtu wa namna gani kabla ya siku ile. Alizaliwa Kiptere, mtoto wa mwinjilisti, akasoma hadi kidato cha nne, na mikono yake ilikuwa myepesi kupiga. Alivunja taya la mtu kwenye kilabu cha pombe. Alimpiga karani wa majani ya chai hadi karani akahama kituo. Mkewe Chepngeno alifunga na kuomba kwa ajili ya mikono hiyo, na hakutegemea kwamba Mungu angetumia Waskoti wenye nywele ndefu kumjibu. Lakini baada ya ngumi ile, Kipkorir hakumpiga mtu tena. Hasira ikimpanda, alienda nyuma ya nyumba na redio kaseti yake, akarudi ametulia.

Injinia alipomaliza mkataba na kurudi kwao, aliwaachia kaseti zake. Albamu ya studio ilikuwa na picha ya daraja la chuma kwenye jalada, basi wakaiita Kaseti ya Daraja, akaichukua Kipkorir. Ile ya onyesho ikaitwa Kaseti ya Watu, nayo ikawa ya Ouko. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na uwanja wake ulikuwa kibanda cha chai cha Jerusa, mke wa Ouko.

Ouko alishikilia kwamba albamu ni mazoezi tu. Mwanamuziki hujulikana mbele ya watu, alisema: ngoma inakimbia, jasho linamtoka, mwimbaji anasahau maneno na umati unamkumbusha. Alidai hata kwamba aliweza kuitambua sauti ya injinia katikati ya kelele. Kipkorir alijibu kwamba hata majani ya chai hayanywewi na vijiti vyake. Yanachekechwa kwanza, na studio ndiyo chekecheo. Tena alikuwa amezipima kelele zile zinazotangulia wimbo wa kwanza. Zilichukua muda wa kusali Baba Yetu polepole kama mzee wa kanisa. Ukifika kwenye riziki, mwanamke mmoja anapiga ukelele mrefu. Ukifika kwenye amina, ngoma inapigwa mara tatu, ndipo gitaa linaingia.

"Sala nzima, Ouko," alisema. "Tunanunua betri tusikie Wazungu wakipayuka?"

"Omera, ndugu yangu, wewe ungeenda harusini uwaambie watu wanyamaze ndiyo usikie keki."

Jerusa aliwatishia kwa mwiko kila jioni, akisema atawachoma wote wawili na kaseti zao kwenye jiko lilelile. Wateja walikaa tu kusikiliza matusi.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na mbili. Wakubwa fulani walipita wakisema kwamba nchi ina wenyewe, na waliotoka ziwani warudi ziwani. Kwanza yalikuwa maneno. Halafu moshi ukaonekana upande wa chini, moshi mweusi wa nyumba, usio wa shamba linalochomwa. Majirani waliosaidiana kuzalisha ng'ombe wakaanza kunoa mapanga kila mmoja nyuma ya nyumba yake.

Kipkorir alikuwa likizo kwao Kiptere, akijenga zizi. Mchukuzi wa maziwa ndiye aliyemletea habari kwamba watu wa ziwani pale kambini wamejazana ukumbini na magodoro yao, wanawake na watoto, wakingoja malori ya polisi yaje kuwahamisha. Ouko, Jerusa na watoto wao walikuwa humo. Malori yalikuwa bado.

Kabla ya mapambazuko Weldon alisimama mlangoni. Weldon alitahiriwa pamoja na Kipkorir, walilala kibanda kimoja wakiuguza vidonda, na kwa desturi watu wa namna hiyo hawanyimani kitu. Nyuma yake palikuwa na wanaume wengi wenye pinde, marungu na mapanga.

"Tunashuka kambini," Weldon alisema. "Wewe unajua njia za ndani. Na mtu wa rika letu akibaki nyumbani, nyumba yake itahesabiwa pamoja na zile za kuchomwa."

Chepngeno alikuwa nyuma ya mumewe amembeba mtoto wa pili. Kipkorir akachukua panga. Mkewe alimwuliza kwa macho tu, naye akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akibaki hatamsaidia mtu yeyote, ila akiwa katikati yao, pengine Mungu atamwonyesha la kufanya. Hakuwa na mpango mwingine.

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile, umelala juu ya chai kama blanketi. Katikati ya shamba walimfumania seremala mmoja wa kambini, mzee aliyetengeneza nusu ya vitanda vya mle, amejikunja chini ya vichaka vya chai. Alijaribu kukimbia, lakini chai imepandwa kwa kubanana na miguu yake ilinaswa. Walimkata akiwa bado wima, ameshikwa na matawi. Alimwita Kipkorir kwa jina lake. Panga la kwanza lilishuka begani, la pili usoni, na baada ya hapo hawakuwa wakimpiga mtu tena, walikuwa wakipasua tu. Damu ilikaa juu ya majani mabichi, haikuzama. Kijana mmoja alitapika. Kipkorir alisimama palepale, panga lake limeelekea chini.

Weldon alifuta panga lake kwenye nyasi, akaliangalia la mwenzake.

"Lako bado ni safi," alisema. "Huko chini litapata kazi."

Wakateremka. Ukumbi haukuonekana, lakini Kipkorir alijua uko mbele yao, karibu sana, nyuma ya miti ya mkaratusi. Milango yake ilikuwa ya mbao nyepesi. Walinzi wa shamba walikuwa wamekwisha kukimbia. Aliwaza kumkata Weldon shingo, akaona wengine watapita juu yake kama maji.

Ndipo kelele zilipolipuka.

Zilitoka ndani ya ukungu, mbele, kushoto na kulia, kwa sababu spika za paa la ukumbi zilitazama pande zote. Ulikuwa mngurumo wa wanaume wasiohesabika, wenye miluzi na vishindo vya miguu, na bonde likaurudisha maradufu. Wanaume wakasimama. Mmoja akaangusha mishale yake.

"Ni nini hiyo?" Weldon alimgeukia Kipkorir. "Wewe unafanya kazi hapa. Ni nini?"

Katika watu wote wale, ni yeye peke yake aliyejua. Aliijua miluzi ile mmoja mmoja. Ouko alikuwa amefunga ile kaseti yake kwenye spika za ukumbi, akaifungulia sauti yote.

"Ni watu," Kipkorir alisema. "Wa ziwani. Wameletwa na malori usiku. Ni wengi kuliko sisi."

Weldon akasita, akainua mkono. "Tungoje kidogo. Tusikilize vizuri."

Wakasikiliza. Kipkorir alianza kusali moyoni, maana ndiyo saa pekee aliyokuwa nayo. Jina litukuzwe. Ufalme uje. Mapenzi yatimizwe. Akafika kwenye riziki, na ndani ya ukungu yule mwanamke akapiga ukelele wake mrefu. Wanaume wakarudi nyuma hatua, lakini Weldon hakuondoka. Kilichobaki kilikuwa kusamehewa, na majaribu, na yule mwovu, kisha amina. Baada ya amina ni gitaa, na hakuna jeshi duniani linalokuja na gitaa.

Kipkorir akatupa panga lake, akageuka, akakimbia.

Alikimbia akipiga mayowe kwamba wanakuja, wamezunguka, wana bunduki. Mwanamume aliyetahiriwa hakimbii wa kwanza, heri afe. Lakini hofu ya mmoja ni moto kwenye nyasi kavu. Wa pili alimfuata, kisha watano, kisha wote, wakikanyagana kwenye mitaro, wakichomana kwa mishale yao wenyewe, na Weldon akachukuliwa na wimbi lile. Nyuma yao ngoma ikapigwa mara tatu. Kipkorir aliisikia. Akapaza sauti zaidi, akapiga kelele kama kichaa hadi koo likachubuka, ili gitaa lile alilolipenda kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na mikono ya watu lisisikiwe na mtu.

Malori ya polisi yalifika jua lilipotoka. Watu wote wa ukumbini waliondoka hai.

Mungu aliwahi kutawanya majeshi kwa kelele tupu, na walioamini hawakushangaa kwamba alifanya hivyo tena. Ila Ouko alikuwa shabiki, na shabiki hawezi kunyamaza timu yake ikishinda. Kule walikokimbilia, kwenye uwanja wa kanisa moja, alimweleza kila mwenye masikio jinsi Kaseti ya Watu ilivyofukuza mapanga. Aliiga miluzi. Alisema kwamba rafiki yake mmoja, fulani, mtu wa boila, atakoma ubishi wake sasa. Watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu wafike. Hadithi tamu haikai mahali pamoja. Ilipanda na wauza samaki, ikapita na wachukuzi, ikafika soko la Kiptere, na huko vijana wakaimbiwa na wanawake kwamba wametimuliwa na redio.

Weldon aliisikia yote, hata ule mkia wa mtu wa boila.

Yeye na wenzake walimkuta Kipkorir kwao Kiptere, akichuma chai yake mwenyewe, kikapu mgongoni, Chepngeno kwenye mstari wa pili. Weldon hakuinua sauti. Alimwuliza kama alijua.

Chepngeno alimwomba Mungu mumewe aseme hapana. Neno moja tu lingetosha. Angesema tu kwamba aliogopa kama wengine, basi.

"Nilijua," Kipkorir alisema. "Tulikuwa tunaenda kuua watoto, Weldon."

Rungu la kwanza lilimpata kwenye goti, akaanguka na kikapu chake. Mikono ile iliyokuwa imevunja taya la mtu aliiweka juu ya kichwa tu, haikurudisha pigo. Wakaivunja yote miwili. Weldon alimpiga mbavu hadi rungu likakatika, akaomba lingine, akapewa. Chepngeno alijilaza juu ya mumewe, wakamvuta kwa nywele, wakaendelea. Walipochoka waliondoka wakitembea.

Hospitalini alikaa siku chache, akipumua kama msumeno. Mara ya mwisho aliposema maneno ya kueleweka, alimwita mkewe asogee.

"Mwambie Ouko bado hiyo si muziki," alisema. Akapumzika. Halafu akasema, "Lakini ina kazi yake."

Ouko alifika mvua ndefu zilipokwisha, njia zilipotulia kidogo. Alikuja peke yake, amekonda, akasimama mbele ya kaburi na kofia mkononi. Ndipo Chepngeno akamsimulia nani alikuwa ndani ya ukungu asubuhi ile, na nani alikimbia wa kwanza. Ouko hakuwa amejua. Aliamini ni kaseti peke yake iliyofanya kazi.

"Shemeji," aliuliza, "Weldon aliambiwa na nani?"

Chepngeno alikuwa ameandaa jibu la swali hilo kwa miezi, na lilikuwa jibu kali. Alipomtazama yule mtu, likamkwama. Akampa salamu za Kipkorir badala yake, zote, kama zilivyosemwa. Ouko alizisikiliza. Kisha uso wake ukabadilika polepole, naye akaelewa bila kuambiwa. Akatoa Kaseti ya Watu mfukoni, akaiweka juu ya jiwe la kaburi, akaokota jiwe lingine.

Chepngeno akamshika mkono. "Ukiivunja, Baba Chemutai alikufia nini?"

Jiwe likaanguka. Ouko akaketi chini, akalia kwa sauti, kama wanavyolia watu wa kwao, bila kujificha. Alipoondoka alikuwa amebadilisha: aliacha ya Watu, akaenda na ya Daraja.

Hakuna aliyeshtakiwa. Asubuhi Chepngeno hupeleka majani kituoni, na mara nyingi Weldon huwa mbele yake kwenye foleni ya mizani. Weldon humsalimu, naye Chepngeno huitikia. Jioni huwakusanya watoto kusali. Huanza vizuri, jina, ufalme, mapenzi. Akifika kwenye riziki sauti yake hukatika, kwa sababu neno linalofuata ni kusamehe. Chemutai ndiye huimalizia sala.