Kanga Nyekundu Kambani

Nikifua nguo za mjukuu, harufu ya mkojo na sabuni hunirudisha kambi ya mkonge, Kilosa, enzi za Mwingereza. Baba, aliyewahi kuwa baharia, alitufundisha ishara kama za meli: kanga nyekundu kambani, nyumbani kuna hatari. Asubuhi moja nilikojoa kitandani. Kwa aibu nikasahau ishara, nikaifua kanga nyekundu niliyojifunika, nikaianika.

Baba akaja mbio kutoka shambani, miguu imechanwa na mkonge, mnyapara nyuma yake.

“Nani anaumwa?” Baba akauliza.

Niliinama. Baba akaishika kanga, akanusa vidole, akamgeukia mnyapara.

“Mtoto ana homa, bwana.”

Akanilaza, akanifunika koti lake. Mnyapara alichungulia mlangoni. Nikafumba macho, nikatetemeka bila kuambiwa.