Kaka Amebaki Ukutani Bila Macho

Saa mbili asubuhi, kivuli cha ghala bado kimelala barabarani, na fundi yuko juu ya ngazi. Mkono wa kushoto umeshika kopo, wa kulia brashi nyembamba ya nywele chache. Chini yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa muuza mkaa. Ameinua shingo na ameamriwa asipepese.

"Fundi, usinipe makengeza," anasema muuza mkaa.

"Makengeza unayo tayari, mzee wangu. Mimi nanakili tu."

Wapita njia wanaangua kicheko. Fundi, mama wa watoto watatu na mchora mabango kwa miaka kumi na tisa, hacheki. Anachovya brashi, anatia nukta nyeupe kwenye mboni, anashuka ngazi mbili ili atazame kwa mbali. Uso wa saba umepata macho. Umebaki mmoja.

Ukuta huu wa ghala ulikuja na neema, au ndivyo mtaa mzima ulivyodhani. Mwaka jana walifika vijana wa mradi wa sanaa ya kidijitali, wamebeba kamera, kompyuta na projekta kubwa. Walitaka nyuso nane za watu wa mtaani. Fundi azichore kwa rangi ya kijivujivu, ila mahali pa macho paachwe peupe, palainishwe kama karatasi. Macho wangeyapiga picha wao. Giza likianza kuingia, projekta ingeyarusha ukutani, yakipepesa na kumfuata kila anayepita.

Na kweli yalipepesa. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kutazama. Watoto walikimbia huku na huko ili waone kama watafuatwa. Kwenye kibao cha maelezo, kiongozi wa vijana wale, ambaye mtaa ulimwita Bwana Mitambo, aliandikwa msanii. Fundi aliandikwa msaidizi wa rangi.

"Sikuona vibaya," anasema. "Nilikuwa nimezoea mbao za saluni na maduka ya dawa, mbili tatu kwa mwezi. Hapa nilipewa ukuta mzima. Nikasema Mungu amenikumbuka."

Miongoni mwa wale wanane alikuwemo kaka yake, kinyozi wa kona ile pale, aliyenyonya naye ziwa moja.

Baada ya miezi mitatu wafadhili walimaliza mkataba wao. Projekta ilifungwa kwenye sanduku ikaenda mji mwingine, na vijana wakaenda nayo. Nyuso zikabaki, kila moja na mashimo mawili meupe. Watoto waliokuwa wakikimbizana na macho wakaanza kuuita ukuta wa vipofu.

Mvua zilipoanza, kifua kilimbana kinyozi. Hakumaliza wiki mbili. Mungu amrehemu.

Tangu hapo watoto wake huzunguka nyuma ya soko kwenda shule, njia ndefu na yenye tope, ili wasipite mbele ya ghala. Mkubwa wao alimwambia shangazi yake bila kuzungukazunguka: "Shangazi, ulimchora baba ukamtoboa."

"Neno lile nililala nalo, nikaamka nalo," anasema fundi.

Sasa mwenye ghala amechoka na maneno ya watu. Amempa fundi hadi mwisho wa mwezi. Nyuso zikamilike zote, la sivyo anapiga chokaa ukuta mzima, na kinyozi ataondoka pamoja na wenzake. Ndiyo maana walio hai wanaitwa mmoja mmoja kukaa juu ya ndoo. Kwao kazi ni rahisi. Wa nane hawezi kuitwa.

Fundi alimpigia simu Bwana Mitambo, akamwomba picha za macho ya kaka yake. Aliambiwa, "Nitaangalia, mama." Alipopiga tena, kijana alikuwa mpole sana. Zilifutwa, alisema, kupisha kazi ya mji mwingine. Nafasi kwenye mashine ilikuwa ndogo.

"Hakunitukana," fundi anasema. "Angenitukana ningepata pa kuwekea hasira."

Picha za nyumbani zipo. Ya kitambulisho imefubaa. Katika nyingine zote kinyozi anacheka, na akicheka macho yake yalizama mashavuni yasionekane. Fundi amejaribu kwa kumbukumbu juu ya mbao nne. Amepata macho ya muuza dawa wa mtaani, macho ya marehemu baba yao, na mengine ambayo hajui ya nani. Alipomwonyesha mjane wa kaka yake, aliulizwa, "Wifi, huyu nani?"

Mtu atashangaa dada asijue macho ya kaka yake. Fundi mwenyewe anajishangaa.

"Kumjua mtu si kumchora," anasema. "Nikimchora mtu huanzia machoni, hayo ndiyo nayatazama mpaka nachoka. Siku ile alikaa mbele yangu asubuhi nzima, ananitania, na mimi nikayaruka. Nilijua kamera itayachukua. Nikatazama pua, nikatazama ndevu. Alinitazama, mimi sikumtazama."

Anaosha brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, taratibu, hadi rangi iishe. Kisha anasema alichoamua. Kesho atamchora kaka yake amefumba macho.

Wifi yake, aliyekuja kumletea chai, anaweka kikombe chini.

"Yaani unataka kumfanya maiti mbele za watu?"

"Ukitaka chokaa, wifi, sema."

Mjane anautazama ukuta. Kisha anaokota pindo la kitenge chake kilichoteleza, anajifunika vizuri.

"Basi usimtie weupe wa mgonjwa," anasema. "Hakuwa mweupe hivyo."

"Nitamtia rangi yake."

"Na una uhakika utampata?"

"Nitampata," fundi anajibu. "Macho yaliyofunguka niliwaachia wenye mashine. Haya nayajua. Alipokata roho wewe ulikuwa umezimia mlangoni, wifi. Niliyafumba mimi, kwa vidole hivi."