Siku Auma Alipomnyamazisha Onyango

Walikuwepo Onyango, mwenzangu wa kucheza. Marwa na Boke, wapinzani wetu. Daktari, yule mama ninayembebea mfuko wa fimbo zake za gofu. Nahodha wa kilabu. Makedi wenzangu wote, wabeba mifuko kama mimi. Na wadogo zangu wawili, Odhiambo na Auma. Nawataja ili mtu asiseme natia chumvi, maana wote waliniona nikijiaibisha, na bado tunakutana sokoni Awendo.

Siku hiyo makedi tulishindana wenyewe, wawili wawili, mpira mmoja kwa kila jozi, huyu akipiga mwenzake anafuata. Zawadi ilikuwa kazi: jozi itakayoshinda inaajiriwa kukata nyasi za uwanja, mshahara kila mwezi. Mimi niliacha shule kidato cha pili tulipomzika mama (baba alishatangulia), na tangu hapo nalea hawa wawili kwa kubeba mifuko ya watu, leo umepata, kesho umerudi mikono mitupu. Nimechoka, nisiseme uongo. Onyango amechoka kunishinda, maana alianza kubeba kabla sijajua gofu ni nini, na mgongo wake umeanza kukataa.

Shida yangu ilikuwa kichwa. Mazoezini napiga vizuri, lakini watu wakiniangalia akili inakimbia (nawaza unga, nawaza viatu vya Odhiambo, nawaza kama nilifunga mlango). Daktari akanifundisha: "Atieno, kabla hujapiga vuta pumzi, chagua unyasi mmoja kando ya mpira, uangalie huo tu. Dunia nyingine iache."

Ushauri ulikuwa mzuri, ila mimi nikauongezea wangu. Nikamwita Auma, ambaye yuko darasa la sita na hupokea maagizo kama askari, nikamwambia, "Nikisimama kwenye mpira, yeyote akifungua mdomo, mnyamazishe. Hata awe nani."

Basi akafanya kazi! Alimnyamazisha Odhiambo, akawanyamazisha makedi, hata nahodha aliwekewa "shhh" akacheka, akatii. Na mimi nikacheza kuliko siku zote, hadi tukafika shimo la mwisho tukiwa sawa na akina Marwa.

Onyango akapiga, Boke akapiga, mipira ikalala karibu karibu, yote myeupe, wetu una alama nyekundu, wao ya bluu. Mimi nikaenda kwa ule niliokutana nao kwanza, nikavuta pumzi, nikachagua unyasi wangu.

"Atieno, huo siyo..." Onyango alianza.

"Shhh!"

"Lakini mtoto, huo mpira..."

"Shhh! Dada anakusanya akili!"

Maneno niliyasikia, nakubali, lakini nilikuwa nimeambiwa dunia niiache, nikaiacha. Nikapiga. Mpira ukaruka juu, ukashuka taratibu, ukalala pembeni kabisa mwa shimo. Sijawahi kupiga vile tena. Nikainua mikono. Kimya. Nikadhani ni nidhamu ya Auma, nikawageukia watu nikatangaza, "Sasa mnaweza kupiga makofi!"

Auma akapiga, peke yake.

Marwa akaja, akavua kofia, akainama. "Asante sana dada. Mpira wangu umeufikisha nyumbani."

Makedi walicheka hadi wengine wakalala chini. Ukipiga mpira wa wenzako unapoteza shimo, na lile lilikuwa la mwisho. Nahodha alieleza sheria polepole, kama mtu anayetangaza msiba.

"Ulisema hata awe nani," Auma akaniambia, machozi yakimtoka. Nikamwambia hana kosa, na kweli hana. Onyango hakunigombeza. Alifuta fimbo, akairudisha mfukoni, akasema, "Nyaminwa, dada yangu, si ungegeuka tu," akaenda zake.

Bado navuta pumzi na bado nachagua unyasi, lakini siku hizi kwanza nainama kuangalia alama ya mpira, na nimeapa sitamfunga mtu mdomo tena kwa ajili yangu. Jumamosi, siku ya wachezaji wengi, zamu yangu ya kubeba nampa Onyango. Anapokea.

Juzi nikamwuliza, "Nikupe zamu ngapi ndiyo yaishe?"

Mashine ya kukata nyasi ilikuwa inapita, Marwa juu yake. Onyango akaiangalia mpaka ikakata kona.

"Sijui, Atieno," akasema. "Wewe endelea kunipa tu."