Mipira ya Muyomba wa Bibi Yangu

Mwenye kuniangusha ninamujua. Haikuwa mvula, haikuwa barabara, haikuwa shetani sawa vile pasta alisema wakati alikuja kuniombea ku hopitali. Ni muyomba wa bibi yangu, wa ule mwanamuke nilioa: kaka ya mama yake. Jina yake siandike, juu ni muntu wa bukwe, mukwe yangu. Lakini mwenye kupita njia ya Luano, fasi banauzishaka mipira ya motokari ya okazyo, yenye kuisha kutumika, atamuona pale, amekaa mu kiti ya plastiki, kofia ku kichwa, anacheka na kila muntu. Anacheka muzuri sana. Hata mimi, akicheka, nasahau kidogo.

Kazi yake iko hivi. Mupira ukiisha, ukibakia laini sawa kichwa cha muzee, bafundi bake banakamata chuma ya moto na kuchonga meno ingine mu ule mwili wenye kuisha. Nyuma banaupakala siraji ya viatu. Unaona mupira mweusi, unang'aa, meno marefu. Lakini chini ya ile meno hakuna kintu tena, ni ngozi tu na nyuzi.

Aliniuzisha ine ya vile, wakati kamioneti yangu ilikuwa ingali mupya mu mikono yangu. Sikuigeuza, sikuingiza kidole. Kwetu, muntu wa bukwe akikupa kintu, haukigeuze mbele yake. Unakunja magoti kidogo, unapokea na mikono mbili, unasema aksanti Papa, basi. Ile desturi yeye anaijua kuliko mimi, njo maana biashara yake inaendelea. Jamaa yao iko na babinti bengi, na karibu bote baliolewa na madereva. Nazani yeye njo alipanga.

Mupira wa mbele ulipasuka ku mutelemuko, kule mashambani ya Annexe, na kamioneti ikalala na mifuko yote ya makala ya kupikia. Balinitoa chini yake. Alikuja ku hopitali na machungwa, akakaa ku kitanda, akaniambia: «Mukwe, ulikanyaga freni mubaya.» Akakula machungwa mbili, akaenda.

Tangu ile siku mukono yangu ya kushoto hainyooke. Na kamioneti yangu ni ya volan ya kuume, usukani uko kuume, sawa mingi ya huku kwetu, na fimbo ya vitesi, ile ya gia, iko upande wa kushoto. Donc bibi yangu njo anaingizaka vitesi. Anakaa kando yangu, mimi nakanyaga, yeye anasukuma. «Mama, ya pili.» «Niliisha kuingiza, wewe ulikuwa unaangalia wapi?» Bapolisi ba barabara banatucheka. Sisi tunafika. Lakini inamaanisha kintu kimoja: mupira ukipasuka tena, sitalala chini ya mifuko peke yangu.

Mwaka huu, mvula ikianza, mipira yetu ilikuwa imekwisha. Na kuchagua si mambo ya kucheza. Asubuhi tuko mu matope ya Annexe, tunapakia lengalenga, tomati na mahindi. Saa sita tuko ku gudron, ku barabara ya lami, tunauzisha ku milango ya batajiri ba Golf. Mupira wa gudron, mu matope unaogelea sawa bata. Ule wa matope tu, wa meno makubwa sawa ya trakta, ku gudron unalia mpaka bamama ba Golf banafunga imbwa mbele tufike, na unakula esansi, mafuta ya motokari. Tulitaka ule wa katikati, wenye banaita tout-terrain: meno ya kadiri, mabega ya nguvu, wa kukubali fasi zote mbili bila kununa.

Nilitaka kuenda kununua kwa mwingine, kimya. Bibi yangu akakataa.

«Atasikia mbele ya mangaribi. Na ku ndoa ya mudogo yangu atasimama kufanya diskuru juu yako. Utakaa wapi?»

Alisikia hata mbele tuanze. Siku ya mungu, tukitoka ku misa, tukamukuta ku lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu, na mipira ine imepangwa ku ukuta, inang'aa. Nilikuwa nimevaa viatu bya misa, lakini harufu ya siraji yenye nilisikia haikuwa ya viatu byangu.

«Mukwe,» akasema, «nilisikia unatafuta mipira. Unatafuta nini, na mimi niko muzima? Tout-terrain. Hata ku mwezi unaweza kupanda nayo.»

Nikakunja magoti. Nikasema aksanti Papa. Bibi yangu akaniangalia, halafu akaangalia ile mipira, na mukono yake ikashika mukono yangu yenye haitake kunyooka. Njo pale nilikumbuka kama desturi haina mukia moja tu: inafunga mwenye kupokea, inafunga na mwenye kutoa.

«Papa,» nikasema, ningali chini, «hii ni kintu kikubwa mulitufanyia. Muntu wa bukwe hawezi kutoa kintu vile na kubakia nyuma. Tutaifunga leo. Kesho ni safari ya kwanza, tunashuka ku ule mutelemuko. Fasi ya mbele ni yenu. Mutaniingizia vitesi.»

«Mimi?»

«Na mimi nitakaa nyuma, juu ya mifuko, Muyomba,» bibi yangu akasema, sauti ya asali. «Nitabaimbia.»

Muyomba akacheka. Halafu kicheko ikapunguka, ikapunguka, ikabakia meno tu. Akaangalia mipira yake.

«Kesho niko na kilio,» akasema.

«Kilio ya nani, Muyomba? Tuko jamaa moja, mbona sisi hatukusikia?»

«Muntu wa… wa kule Kipushi. Haumujue.»

«Tutabangoja, Papa,» nikasema. «Kilio itaisha. Bila nyinyi mbele, kamioneti haitoke. Haya itatuua.»

Akasimama. Akaenda ku ukuta, akageuza mupira wa kwanza yeye mwenyewe, akaingiza kidole chake katikati ya meno. Kidole kikatoka cheusi. Akakiangalia sawa vile kilikuwa cha muntu mwingine.

«Bale bafundi bangu,» akasema. «Balipakia mubaya. Hii si yenu, hii ni ya mukokoteni.»

Akaibeba yote, akaenda. Jua ingali juu alirudia na ingine ine. Ilikuwa ya vumbi, mubaya kwa macho, hakuna muntu aliipakala kintu. Akaigeuza mbele yetu, moja moja, bila sisi kumuomba, akaingiza kidole mu kila moja na kutuonyesha. Kidole kikatoka na vumbi tu.

Kesho yake akakuja, kofia ku kichwa, juu hakukuwa njia ingine. Kilio ya Kipushi hakuna muntu aliulizia tena. Ku mutelemuko mvula ilikuwa inanyesha. Nikasema, «Papa, ya kwanza,» akaingiza ya tatu, kamioneti ikalia, bibi yangu juu ya mifuko akaimba kwa nguvu zaidi. Mipira ikauma matope, ikashuka pole pole, haikuteleza hata kidogo. Pale fasi nilivunjikia mukono, muyomba alifunga macho. Mimi nilifungua yangu muzuri.

Sikumusamehe. Niandike wazi, bantu basiseme tulikumbatiana. Machungwa yangu alikula.

Tukifika ku gudron akaomba kushuka. Alikuwa na matope mpaka ku kofia, sijue aliyatoa wapi, juu dirisha ilifungwa. «Mukwe, hapa niko karibu,» akasema, na fasi yake ilikuwa mbali sana. Bibi yangu akashuka ku mifuko, akafuta kiti na kitenge, akakaa, akaweka mukono ku vitesi.

«Ya pili?»

«Ya pili, mama.»

«Niliisha kuingiza.»