Kijiji Kisichokuwapo

"Kijiji hicho hakipo, Bwana! Nimezaliwa Myamba, nimesoma Gonja, nimeolewa na nimefiwa huku huku. Hakuna mtu anayeishi mahali panapoitwa Mshitu."

"Kimeandikwa," alisema Bwana Wilmoti, akigonga kopo la udongo kwa kalamu. "Zebedayo alinitajia mwenyewe."

"Zebedayo amekutajia, na mimi nalalamika."

Ndivyo alivyokuwa Eliwaza. Ofisi ya Shirikisho la Wataalamu wa Udongo, pale Same karibu na stesheni, ilikuwa na katibu mmoja Mzungu, Bwana Wilmoti, tarishi mmoja mzee, Zebedayo, na yeye, mpiga taipu. Wataalamu wenyewe walitawanyika nchi nzima, kila mmoja na elimu yake na mwandiko wake wa kuku. Waliosahau kuleta taarifa, yeye aliwakumbusha. Waliopoteza, yeye alikuwa na nakala. Paa lilipovuja mwaka 1953 alilifunga daftari kuu kwa kanga yake, akaenda nyumbani ameloa chepechepe. Waliosema Shirikisho linaendeshwa na wasomi hawakuwahi kumwona Eliwaza mwezi wa mkutano.

Lakini siku hiyo ukali wa mdomo ulificha hofu. Lile kopo alikuwa amelifungua asubuhi kwa mikono yake, akaupima udongo, na vumbi lake akalipangusia gauni, kabla hajasoma kibandiko. Mshitu si kijiji. Ni msitu wa ukoo wanamofundwa wanaume, na kila ukoo una wake. Mwanamke wa Kipare haingii, haulizi, na habari zake hazitii kinywani. Bwana Wilmoti aliuliza hapa panaitwaje, akajibiwa, akaandika kama anavyoandika jina la kijiji chochote.

Na aliandika mengi. Taarifa ilikuwa tayari imepigwa taipu: Mshitu, ekari arobaini, udongo mzuri kuliko wote, miti ikatwe ipandwe kahawa. Treni ingeichukua saa tisa. Chini kabisa palikuwa na herufi za mpiga taipu, E.M., na mama wa huyo E.M. alikuwa anaishi chini ya msitu ule ule. Wakija watu na mashoka, damu ingemwagika, na mlango wa kwanza kubishwa ungekuwa wa mama yake.

Alimfuata Zebedayo uani.

"Baba, kamwambie Bwana ukweli. Wewe ni mwanamume, unaruhusiwa."

"Kumwambia Mzungu?" Mzee alitazama huku na huku. "Mwanangu, unataka nizikwe kesho? Nimeshampeleka mpaka njiani, na hilo peke yake wazee wakilisikia nimekwisha."

"Si ulimwonyesha njia?"

"Alisema nisipomwonyesha kazi sina! Mimi nilibaki nje. Hata kikohozi nilikibana."

"Basi miti itakatwa, na wewe ukiendelea kubana."

"Usilitaje tena jambo hilo!" alinong'ona Zebedayo, akaziba masikio kama mtoto.

Eliwaza alirudi ndani akinusa mikono yake. Ilinuka udongo. Alikuwa Mlutheri wa kubatizwa, mwimbaji wa kwaya, na bado aliiosha mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia saa nane. Kusema hawezi, kunyamaza hawezi, na kuichana taarifa ya Bwana ni kufukuzwa siku hiyo hiyo. Ndipo macho yake yalipoangukia daftari kuu, lile alilozoea kuchokoza watu nalo.

"Bwana, sampuli hii siiandiki daftarini."

"Kwa nini tena?"

"Kanuni uliyotia sahihi wewe. Sampuli isiyo na jina la mwenye ardhi haiandikwi, na isiyoandikwa haiingii kwenye taarifa. Niambie mwenye ardhi."

Bwana Wilmoti aliiva uso kwa hasira. "Eliwaza, treni inakuja!"

"Inakuja, Bwana. Mwenye ardhi nani?" Alishika ukingo wa meza.

"Zebedayo!"

Mzee aliingia, kofia mkononi. Bwana akauliza: pale ni kwa nani? Zebedayo alitazama sakafu, akamtazama Eliwaza, naye Eliwaza akachovya kalamu kwenye wino, akangoja. Hakumwombea wala hakumsaidia. Jasho lilimtoka mzee puani.

"Wenyewe walikufa zamani, Bwana," alisema mwishowe. "Na bado ni pao."

"Na walio hai?"

"Wanapalinda. Watapalinda mpaka wafe na wao."

Bwana Wilmoti alimtazama mzee aliyeloa jasho, akamtazama mwanamke aliyeng'ang'ania kalamu, na kwa mara ya kwanza akaona wote wawili wanaogopa kitu kimoja.

"Makaburi?"

Zebedayo aliigeuza kofia mkononi. Bwana akachukua kalamu, akafuta ule mstari mrefu wa Mshitu kwenye taarifa, mara mbili. "Piga upya. Na udongo urudishwe ulikotoka. Zebedayo, nenda."

Zebedayo alilibeba kopo kwa mikono miwili kama linaloungua. Eliwaza alipiga ukurasa upya, akaufikisha stesheni treni ikiwa imeshapiga filimbi.

Aliporudi, Bwana alikuwa ameinama juu ya daftari la karatasi, akitafuta pa kutia sahihi. Kila aliyeharibu karatasi yenye nembo ya Shirikisho aliandikwa humo na kuilipa, awe nani. Hata Bwana mwenyewe alishawahi kudaiwa.

"Nimeharibu moja, ile niliyoifuta," alisema. "Niandike."

Eliwaza alilivuta daftari taratibu, akalifunga.

"Hiyo nimekusamehe, Bwana."